Kibali cha Damu ya Mzee

"Wananchi wote wa Bagamoyo, Kaole, Mlingotini na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba kuanzia leo hakuna kitu chochote kitakachobadilika rangi bila kibali. Nyanya zinazoiva zinasamehewa kwa muda, hadi utaratibu wake utakapokamilika."

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji. Mwandishi wake alikuwa Bwana Shamsudin, Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Rangi na Mwonekano, mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye kitambi cha juzijuzi na imani kwamba kabla yake watu walikuwa wakijipakia rangi ovyo kama wasio na wazazi. Siku hiyo alilala usingizi mzuri sana.

Kanuni yake kuu ilikuwa moja: kila rangi ithibitishwe kwa chanzo chake. Kiswahili chenyewe ndicho kilichompa wazo. Kijani kimetokana na jani, kijivu na majivu, kahawia na kahawa. Basi mwombaji alete jani, majivu au kahawa, Kamati ilinganishe. Mvuvi mmoja wa Mlingotini aliomba ngalawa yake iwe samawati. Kamati ikatoka nje kutazama mbingu, ikakuta mawingu, ikamwidhinishia kijivu. Mama mmoja wa Kaole aliomba mlango wa kahawia, akaleta kikombe kimoja. Wajumbe wakakinywa kabla kikao hakijafunguliwa, na shauri lake likafutwa kwa kukosa ushahidi. Ndipo ikaongezwa kanuni kwamba sampuli yoyote ya majimaji isipungue nusu lita, ili kila mjumbe apate.

Kulikuwa pia na Waraka wa Heshima. Huo Shamsudin aliuandika mwenyewe, mlango umefungwa. Ulisema kwamba ndani ya ofisi Mzee ni mmoja, naye ni Mkuu wa Ofisi, na kila aingiaye atamtambua hivyo bila kujali umri wa upande wowote. Mara ya kwanza katibu wake, Jasmin, alipomwambia "Shikamoo, Mzee," Shamsudin aliona mgongo wake ukinyooka. Jasmin alikuwa amemzidi miaka sita.

Basi asubuhi moja akaingia Mzee Hamoudi, yule muuza vitambaa wa sokoni, kanzu imepigwa pasi, mkongojo mkononi, miaka sabini na tisa. Shamsudin akangoja shikamoo. Hamoudi naye, kwa kuwa hakuwahi kusoma waraka wowote, akangoja yake. Wakatazamana. Feni ikazunguka. Jasmin, aliyesomea uhazili na kujifunza maisha, akaukazia macho ukuta, katikati ya wote wawili, akasema, "Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili, na kazi ikaendelea.

Shida ya Hamoudi ilikuwa gari lake. Nani asiyelijua? Gari la spoti la kizamani, milango miwili, paa la kukunja, pua ndefu, jeupe kama lilivyoshuka melini wakati yeye bado ana nywele. Mwanawe Muataz, aliyeko Muskati, alimpigia simu kila wiki kumwambia kwamba gari kama lile likibadilishwa rangi limekufa. Mjukuu wake Thuraya, anayeolewa Ijumaa, alitaka kupelekwa nalo likiwa na rangi ya shali ya marehemu bibi yake. Mzee wa watu alikuwa ameyumba baina ya hao wawili mwezi mzima. Usiku mmoja akaitoa ile shali sandukuni, akainusa, na kesho yake akaamua.

"Nataka kulipaka damu ya mzee," akasema.

Kalamu ya Jasmin ikasimama. Mrisho, Afisa Sampuli, akaacha kutafuna.

Shamsudin aliijua rangi hiyo tangu hajavaa viatu. Mama yake alikuwa na kanga yake, nyekundu iliyoiva ikakaribia weusi. Lakini jambo likishaingia ofisini haliwezi tena kuwa lile ulilolijua nyumbani.

"Damu ya mzee yupi?" akauliza polepole.

"Mzee tu, baba. Rangi."

"Hapa hatuna mzee tu. Tuna Mzee."

Kamati ikaitwa mchana huohuo. Shamsudin alifungua kikao akiwa na nia ya kukataa, kwa sababu kukataa ndiko kunakomwonyesha mtu kuwa yuko kazini. Jasmin akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kumbukumbu zitasomwa hadi Dodoma. Tuandike kwamba Kamati imekaa, imetafakari, ikaona damu ya Mzee haifai?"

Shamsudin akajikohoza. "Nani kasema haifai?"

"Hakuna, Mzee."

"Ina kasoro gani?"

"Haina, Mzee," wakasema wote.

"Basi iandikwe inafaa. Inafaa sana." Akakaa vizuri kitini, amependezwa nafsini mwake.

"Imepita," akasema Mrisho akifungua kitabu cha kanuni. "Sasa tuko hatua ya chanzo. Sampuli ya majimaji. Nusu lita."

Hapo ndipo Shamsudin alipohisi joto la Bagamoyo kwa mara ya kwanza siku ile.

Hamoudi alipoelezwa hakuona tatizo. "Kama mnataka damu ya mzee, mimi hapa. Chukueni, twende zetu."

"Haiwezekani, baba," Jasmin akamjibu kwa upole. "Waraka unasema mzee ni mmoja. Wewe hapa ni mwananchi."

"Alaa! Na huyu mwenye umri wa mwanangu wa mwisho?"

"Huyu ndiye Mzee."

Hamoudi akamtazama Shamsudin kwa huruma ya kweli. "Pole. Ukubwa jalala."

Siku mbili Shamsudin aliahirisha. Mara alikuwa na mgeni, mara tumbo. Jumatano, muuguzi Rukaya akaja kutoka zahanati na barua ya wito, sindano, mpira wa kufungia mkono, na chupa ambayo Shamsudin aliiona kubwa kuliko nusu lita ya kawaida. Hamoudi alikuwa ameliegesha gari lake mlangoni, na Thuraya alikuwa amesimama kando yake, macho mekundu.

"Babu, liache jeupe. Siku zimekwisha."

"Bibi yako alikusubiri uolewe hadi pumzi ya mwisho," akasema Hamoudi. "Hatakosekana siku hiyo kwa sababu ya muhuri."

Hata Shamsudin jambo hilo lilimgusa, kidogo, upande ambao haukuwa ukifikiria sindano.

"Mzee, kunja shati," akasema Rukaya.

"Bosi kaishiwa pozi," Mrisho akanong'ona, kwa sauti ambayo feni haikuweza kuifunika.

Shamsudin akaitazama sindano. Tangu utotoni alikuwa akizimia kabla haijamgusa. Akapiga hesabu kama kiongozi. Akifuta kanuni ya chanzo, yule mvuvi atarudi kudai samawati yake, na mama wa Kaole atadai mlango na kahawa. Akikataa kutoa, itaandikwa kwamba damu ya Mzee imekosekana. Ilibaki njia moja tu.

"Jasmin, andika waraka. Kuanzia saa hii, ofisi hii haina mzee."

"Haina kabisa?"

"Kabisa. Mkuu wa Ofisi ni kijana. Weka na neno 'bado': bado ni kijana. Asiitwe vinginevyo, ndani wala nje ya ofisi. Piga muhuri, bandika ubaoni, na bajaji ipite mitaani."

Jasmin akaandika haraka kuliko alivyowahi kuandika chochote. Muhuri ukagonga. Rukaya akaugeukia mkongojo na aliyeushika.

"Basi mzee ni wewe, babu. Ila kwa umri huu sitoi nusu lita, hata aje waziri. Tone moja."

"Tone litatosha," Shamsudin akasema upesi. "Kijana ameridhia."

Hamoudi akatoboa kidole mwenyewe, akaliangusha tone juu ya boneti nyeupe. Kamati ikainama.

"Mbona hii nyekundu tu?" akauliza Mrisho.

"Mna haraka gani?" akasema Hamoudi. "Ngojeni ikauke."

Wakangoja, wamesimama juani, viongozi na wananchi, wakilitazama tone. Likafifia, likaiva, likakaribia weusi. Thuraya akaitoa shali ya bibi yake mkobani, akaiweka kando yake. Rangi hazikupishana. Kibali kikatoka.

Ijumaa gari lilipita mtaani likiwa damu ya mzee kuanzia pua hadi mkia, na wanawake wakapiga vigelegele hadi koo zikakauka. Hata Muataz, aliyeoneshwa kwa simu, alisema ah, basi.

Shamsudin alifika harusini na koti. Akaenda moja kwa moja kwenye jamvi la wazee, mahali alipozoea kukaa tangu apate cheo. Mrisho, aliyekuwa akipanga wageni, akamzuia kwa adabu zote.

"Samahani. Hapa ni wazee."

"Mrisho, unanijua mimi."

"Nakujua, na waraka nimeusikia. Mji mzima umeusikia. Wasema ndani na nje ya ofisi." Akamkabidhi birika na beseni. "Vijana wananawisha."

Shamsudin akatazama kushoto na kulia. Akavua koti. Akapita kwa kuinama, mzee baada ya mzee, maji yakimlowesha suruali, hadi akafika mbele ya Hamoudi aliyekuwa na kitambaa kidogo kidoleni. Mikono ya mzee ikanyooshwa ikabaki hewani, haina haraka, inangoja.

Safari hii hapakuwa na Jasmin wala ukuta.

"Shikamoo," akasema Shamsudin.

"Marahaba, kijana," akasema Hamoudi. "Sabuni je?"