Masomo Mia Mbili Arobaini ya Bure

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Tovuti ya bure kabisa: biolojia, kemia, fizikia. Video mia mbili arobaini kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Mtihani ni baada ya siku kumi na mbili. Umeshanitoa kamasi mara mbili, na wakishaona una miaka thelathini hawakupokei tena. Nina ishirini na minane.

Tatizo ni binti wa dada yangu. Naye anafanya mtihani huohuo, na simu ya maana nyumbani ni moja, ya mama. Mama ameamua: mchana niende nayo kazini, jioni ni ya mpwa wangu.

Leo, pale kazini kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, nimepiga pasi makoti meupe hamsini na mawili. Kila moja naliinua kwenye mwanga kabla ya kulikunja. Nalitamani hadi kifua kinauma.

Jumatano, 5 Machi
Siri imefichuka! Video ikifika mwisho, tovuti inaweka alama ya kijani, uwe umetazama au hukutazama. Basi nimeegemeza simu kwenye ndoo ya wanga, nikazima sauti, nikaongeza mwendo mara mbili. Mimi napiga pasi, simu inasoma. Alama thelathini na moja kabla ya saa nane!

Mpwa yuko somo la nne. La nne! Anasimamisha video kila baada ya sentensi, anachora figo kwa penseli. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si alale hukohuko. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Alama mia moja ishirini. Mama amewatangazia majirani kwamba nimefika nusu ya udaktari. Fundi viatu akaniita Daktari, akanionyesha goti lake. Nikalibonyeza kwa uzito, nikamwambia apumzike. Alishukuru kwa dhati. Niliona aibu, kisha nikatamani aniite tena.

Jioni mpwa akaniuliza kwa nini damu ikitoka mapafuni inarudi kwanza moyoni. Somo hilo kwangu ni la kijani! Nikamjibu kwamba damu ina taratibu zake. Akasema asante Mjomba, akaenda kutazama mwenyewe. Baada ya nusu saa akaja kunieleza: mapafuni damu inaishiwa nguvu, moyo unaipa msukumo mpya wa kuizungusha mwilini. Alieleza vizuri mno. Niliona wivu, na chini ya wivu nikaona jinsi ninavyoitaka kazi hii kweli.

Alhamisi, 13 Machi
Mia mbili arobaini! Tovuti imenirushia nyota na pongezi. Imenikumbusha na jaribio lake la maswali hamsini, lililo wazi tangu somo la kwanza. Sikuligusa. Ya nini kuchafua rekodi? Mpwa yuko somo la sitini, na jaribio amelifanya mara tatu. Maskini.

Jumamosi, 15 Machi
Mtihani. Swali la kwanza: mchoro wa moyo. Niliutambua! Niliuona ukipita kando ya ndoo, mwekundu na bluu. Mishale ilikuwa inaelekea wapi, Mungu ndiye ajuaye. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kulijibu swali lile.

Ijumaa, 18 Aprili
Matokeo. Mpwa: themanini na nane, na nafasi chuoni. Mimi: ishirini na tisa.

Mama alimkumbatia yeye, kisha akanishika mkono. Akasema mwanangu, umebaki na mwaka mmoja. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Mpwa akasema Mjomba, kesho tuanze wote somo la kwanza, polepole, kabla sijaondoka. Nililia mbele yao. Nikakubali.

Jumamosi, 19 Aprili
Saa mbili asubuhi alikuwa mezani, amechonga penseli mbili. Nilitaka kuketi, naapa. Ila kwanza nikapiga picha daftari lake lote, kurasa mia moja sabini, nije kusoma siku moja. Hapo nikakutana na tovuti nyingine. Bure! Masomo mia sita! Nikamwomba anisubiri kidogo niyapakue.

Alisubiri mpaka saa nane. Kisha bibi yake akamwita waende kununua viatu vya chuo. Akasimama mlangoni, akauliza tena kama niko tayari. Nilitamani kumwambia rudi, keti, nifundishe. Lakini somo la mia sita lilikuwa limefika asilimia tisini na nane, na mtu mwenye akili haachi kazi hapo.