Mafua Yaliyonikataa

Jumatatu, 3 Juni
Profesa ametangaza. Nafasi ya kudumu maabarani ni moja, na sisi ni wawili: mimi na Barakoa, mwenzangu, aliyepewa jina hilo kwa sababu haivui hata akipiga picha. Atakayeusaidia zaidi utafiti ndiye atakayebaki. Mwingine, safari njema.

Kisha akatuonyesha filamu ya hadubini. Seli nyeupe ya damu inamfukuza bakteria wa nimonia. Haina macho, haina masikio, haijasoma hata chekechea! Lakini ilikata kona, ikamfuata, ikammeza mzimamzima. Jamani! Nilisahau kupumua. Profesa akasema kirusi cha mafua kikitangulia, askari hao hao huduwaa na bakteria wakapita. Anataka damu ya mtu aliyeanza kuugua mafua leo leo. Hapati. Wagonjwa huja wakiwa wameshakuwa hoi.

Mjanja nipo. Nitaugua mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Dada yangu yuko kitandani. Mafua yamepimwa, yamethibitishwa, mali halisi! Nimemkumbatia. Nimekunywa chai yake, kikombe chake, upande wake. Akatokwa na machozi, akasema hakujua kuwa nampenda hivyo. Nikaona haya kidogo. Nikamwomba leso yake.

Alhamisi, 6 Juni
Buheri wa afya. Aibu gani hii! Nimeoga maji baridi, nimelala bila shuka. Mke wangu akauliza kama nimerogwa. Nikamjibu ni sayansi. Akasema basi sayansi ikalale sebuleni.

Mchana Barakoa akapiga chafya. Kumbe mumewe ndiye kamletea. Mimi nahangaika nyumba za watu, mwenzangu analetewa mlangoni!

Ijumaa, 7 Juni
Damu ya Barakoa imechanganywa na bakteria wa nimonia, ikawekwa chini ya hadubini. Nilijiandaa kuona wivu, wivu wenyewe ukanikimbia. Seli zimelegea. Bakteria wanapita mbele yao bila hofu, na zenyewe zimetulia tuli. Kirusi kidogo hivyo, hadubini yetu haikioni kabisa, kimeacha mlango wazi wa nyumba nzima!

Barakoa akatazama kwa muda mrefu. Akasema kumbe ndivyo mama yake alivyokufa: mafua yalikuwa yameshapungua, wakashangilia, nimonia ikaingia. Nikamsogezea kiti. Profesa akampeleka nyumbani akapumzike.

Jumatatu, 10 Juni
Karata ya mwisho. Nimemwambia Profesa kwamba mimi ni muujiza, mafua yananikataa. Nikasimulia yote hadi leso. Akanitazama sana. Nikavimba kichwa. Akanitoa damu.

Mungu wangu, seli zangu! Zinadaka bakteria kama kuku wenye njaa waliomwagiwa mtama. Mimi huyu, ninayepotea nikitumwa dukani, nabeba jeshi linalojua njia! Nililia mbele ya watu, sijali.

Ndipo Profesa akaniuliza, polepole, kama nakumbuka ile chanjo ya mafua aliyotuletea wafanyakazi mwezi wa tatu. Loo! Nilikumbuka vizuri. Niliruka foleni, nikapata ya mwisho. Aliyekuwa nyuma yangu akakosa, naye ni Barakoa. Mtaalamu wa kinga, nimesahau kinga yangu mwenyewe! Na nafasi nimempa mwenzangu kwa viwiko vyangu hivi.

Jumatano, 12 Juni
Barakoa amepona, alhamdulillahi, na kazi ni yake. Mimi nimeachiwa kuosha vioo vya maabara hadi mwisho wa mwaka. Nikamwomba anionyeshe tena zile seli zangu. Akanionyesha. Maajabu hayachoshi.

Lakini wanasema riziki haivutwi kwa kamba. Profesa ametangaza utafiti mpya: kifaduro kwa watu wazima. Anatafuta wagonjwa. Na jirani yetu anakohoa mpaka madirisha yanatikisika! Kesho nakwenda kumpa pole, nikae naye karibu kabisa.

Mke wangu ameuliza kama sikuchanjwa kifaduro nilipokuwa mtoto. Nimemwambia asinitie mkosi.