Malalamiko Kuhusu Uzito wa Taka za Nyumba ya Saba

Kwa Mratibu wa Masomo ya Uzamili,
Idara ya Sayansi ya Mazingira, Taaluma Mtambuka.

Ndugu Mratibu,

YAH: KUREJESHEWA MAMA, AU KUPUNGUZIWA WASIMAMIZI WAKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa. Mimi ni binti wa mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, yule mwenye mkoba wa kijani anayeingia ofisini kwako na maswali matatu na kutoka na tisa. Nina miaka kumi na sita. Kusema mbele za watu siwezi. Darasani nikiulizwa jina langu huwa nalifikiria kwanza. Shuleni tulifundishwa kuandika barua ya malalamiko kwa lugha ile nyingine, ila kwa lugha ile najikuta naomba radhi kabla sijalalamika. Kwa hiyo naandika kwa hii ya nyumbani, ambayo kwayo tunagombana vizuri.

1. Mmempa mama wasimamizi watatu. Mtu wa kawaida ana mkubwa mmoja kazini na bado anarudi nyumbani kichwa kinamuuma. Wa kwanza ni wa udongo. Nyumbani tunamwita Bwana Udongo. Wa pili ni wa uchumi, Profesa Bei. Wa tatu ni wa mambo ya jamii, Bibi Kwa Nini, maana hilo ndilo neno pekee analoandika pembeni mwa ukurasa. Tasnifu ya mama inahusu taka za nyumba kumi za mtaani kwetu na mtaro zinakoishia. Bwana Udongo anasema aondoe watu, abakize mtaro. Bibi Kwa Nini anasema aondoe mtaro, abakize watu. Profesa Bei anasema vyote vibaki, ila kila kimoja kiwe na bei, hata harufu. Sura ya pili imeandikwa mara sita. Nasikia hiyo ndiyo taaluma mtambuka. Sisi tulikuwa tunaita kutoelewana.

2. Friji. Rafu ya juu ni ya maji ya mtaro, chupa kumi na nne, kila moja na tarehe yake. Mjomba alipotutembelea alijimiminia ya tarehe tisa akidhani ni juisi. Alipoyatema, mama alipiga ukelele, tukadhani anamhurumia kaka yake. Kumbe: "Kaka! Hiyo ndiyo pekee niliyochota baada ya mvua!"

3. Mama haongei nasi tena, anatuhoji. Zamani baba akisahau kutoa pipa alikuwa anafokewa dakika mbili, basi, maisha yanaendelea. Sasa anapewa fomu ya ridhaa asaini, kisha anaulizwa ni vikwazo gani vya kijamii vilivyomzuia. Juzi alisema kwa unyonge, "Mke wangu, nigombeze tu." Kwenye maandishi yenu baba ni Mhojiwa wa Kwanza. Wadogo zangu mapacha ni wa Pili na wa Tatu. Wana miaka sita na wamekataa kusaini. Mimi ni wa Nne.

4. Mimi pia nilipewa kazi. Wiki kumi na mbili, kila asubuhi kabla ya shule, nizunguke nyumba zote kumi na mizani ya kuning'iniza, nipime mifuko ya taka, niandike daftarini. Mimi, ambaye nikikanyagwa mguu naomba samahani, nipige hodi na kusema, "Shikamoo, naomba taka zenu."

5. Hili ndilo lililonichosha. Wiki iliyopita Bwana Udongo aliandika kwa wino mwekundu kwamba takwimu za nyumba ya saba "zimenyooka mno." Eti kila siku uzito wao umepungua robo kilo kuliko wetu, na watu walio hai hawatupi taka hivyo. Ameagiza wiki zote kumi na mbili zirudiwe, la sivyo tasnifu haiendi kwa watahini. Ndugu Mratibu, nyumba ya saba ndiyo sura ya nne nzima! Mama ameiita "kaya ya mfano." Profesa Bei ameisifu nidhamu yao kwa kurasa mbili. Na maabara ya hospitali anakofanya kazi mama wamemwambia likizo yake ya masomo inaisha baada ya wiki kumi na nne, na nyingine hakuna. Takwimu zile zilipimwa kwa mkono mwaminifu. Mkono huo naujua kama huu ninaoandikia.

Mama aliyasoma maneno yale mezani, akafunga kabrasha, akaenda bafuni akafungua bomba. Likamwaga maji robo saa. Mama yangu, anayetugongea mlango tukizidisha dakika tatu kuoga! Aliyaacha maji yatiririke ili tusimsikie. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

6. Kwa hiyo naomba Bwana Udongo aufute wino wake. Ikishindikana, aiombe radhi nyumba ya saba kwa maandishi, nakala kwa pipa lao. Ikishindikana, wasimamizi wote watatu wafungiwe chumba kimoja na mfuko mmoja wa taka zetu za Ijumaa, wasitoke mpaka wakubaliane ni kitu gani. Na hilo nalo likishindikana, mchukueni mama moja kwa moja, akae hapo idarani na chupa zake, nasi mtupe Bwana Udongo. Walau yeye anajua kugombeza. Baba ameridhia.

Nisalimie katibu muhtasi wako, mlinzi wa getini anayemwita mama "Daktari" kabla ya wakati, na wasimamizi watatu, kila mmoja kivyake, maana salamu moja hawataielewa sawa.

Wako katika mazingira magumu,
Mhojiwa wa Nne

Nyongeza: Hayo ya juu niliyaandika Jumapili. Leo ni Jumatano, na nimeona uvivu kunakili upya.

Nyumba ya saba sikuwahi kupiga hodi. Anaishi pale kijana wa darasa letu, yule anayekaa dirishani. Mwaka mzima nimeshindwa kumwambia hata "mambo". Ningeanzaje na taka? Kila asubuhi nilichukua uzito wetu nikatoa robo kilo, wasionekane wachafu kuliko sisi.

Jumatatu, kwa sababu ya lile bomba, niligonga. Akafungua mwenyewe, akaitazama mizani. "Hatimaye! Mama yangu alikuwekea mfuko hapa mlangoni wiki nzima ya kwanza. Tukasema labda taka zetu hazina hadhi." Kilo sita na nusu. Kaya ya mfano inaongoza mtaa mzima.

Jana nilimwambia mama. Alifungua friji akazihesabu chupa zote. Kisha akafungua daftari: "Anza upya, polepole. Kwa nini hukugonga?" Halafu akaiweka kalamu chini, akanigombeza dakika mbili kamili, bila fomu. Baba alisimama mlangoni akisikiliza kwa wivu.

Bwana Udongo alikuwa sahihi. Kosa ni langu, mama asihesabiwe. Zitabaki wiki mbili za kuandika sura ya nne, na mama anasema kwa hasira aliyonayo zinatosha. Nafuta maombi yangu yote, nabaki na moja: zile wiki kumi na mbili zisipunguzwe hata siku moja. Kijana wa nyumba ya saba amesema atashika mfuko, mimi nisome mizani.