Sindano Kubwa kwa Akina Mama

Jumatatu, 6 Machi 1967

Daktari anasema moyo umechoka. Basi niseme nilichoficha: nimefundisha Kiswahili miaka thelathini, na sisikii tofauti ya s na sh. Hata kidogo. Nikiandika, kamusi huwa magotini. Nikilikuta neno humo, naliandika. Maana siisomi; herufi zake ni kama sisimizi.

Nimejiunga na kozi ya elimu ya watu wazima hapa Homa Bay, ili nisife nikitazama kuku. Kundi letu ni watu watatu: Monicah wa Kendu Bay, mwenye ulimi, Werema, kijana wa Kikuria, na mimi. Kazi yetu: siku ya akina mama kushindana kusoma, kule Migori. Ikifana, Werema atapewa kazi ya ualimu. Ana mchumba, na wazazi wa mchumba wamechoka kungoja.

Jumatano, 8 Machi

Ugomvi. Monicah anataka nyimbo kwanza, Werema anataka kusoma kwanza, na kila mmoja anataka kuandika tangazo. Mimi nina kitabu cha Wastoiki, Wagiriki wa kale, nilichoachiwa na padri. Nusu ya pili imeliwa na mchwa. Nusu iliyobaki inafundisha kugawa mambo: yaliyo katika uwezo wako, na yasiyo. Nikafumba macho, nikasema kwa upole kwamba ugomvi hauko katika uwezo wangu, ila kalamu iko. Wakashangaa. Nikaichukua. Monicah alisema huo ni wizi wa Kigiriki. Wivu.

Nimeandika nyumbani, kwa mwandiko wa kupendeza: "Jumamosi, uwanja wa soko, Migori. Sindano kubwa kwa akina mama wote. Mshindi atapewa sufuria." Kamusi: neno lipo. Werema atabandika kesho.

Jumamosi, 11 Machi

Wasomaji hawakuja. Walikuja wenye mgongo na wenye homa. Bibi mmoja alikuwa amekunja mkono wa gauni tangu asubuhi. Mwanamume mmoja alileta ng'ombe, akauliza kama naye hahesabiwi mama, maana amezaa mara nne. Wenye afya walikimbilia ng'ambo ya mto.

Bwana Monari, ofisa wetu, akauliza ni kazi ya nani hii. Werema ndiye aliyeonekana na kopo la gundi. Jina lake likafutwa palepale kwenye orodha ya kazi. Werema akanigeukia: Mzee, si useme? Nikatumia kitabu. Hasira za ofisa haziko katika uwezo wangu. Nikafumba macho. Wakadhani nakata roho, wakaninunulia soda.

Jumatatu, 13 Machi

Monicah amekuja. Anasema Werema amekulia Musoma kwa mjomba wake, sh yake ni laini kama samli. Ila wewe, jaduong', mzee wetu, hata shati lako unalitaja vibaya. Nikamwomba anionyeshe tofauti. Akasema shati, halafu akasema shati. Nikasikia neno moja mara mbili.

Wazazi wa mchumba wamesikia habari. Wiki ikiisha bila kazi, binti ataolewa na karani wa pamba. Nikamwonyesha Monicah kitabu. Akasema mchwa wamekula sehemu ya aibu.

Jumatano, 15 Machi

Nimepekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta kama kukiri kuko nje ya uwezo wangu. Kwa bahati mbaya, kuko ndani. Nimempelekea Bwana Monari barua.

Ijumaa, 17 Machi

Bwana Monari alisoma barua yangu, akaenda dirishani, mabega yakatikisika. Machozi, nadhani. Akasema hahitaji ushahidi mwingine. Jina la Werema limerudi! Kijana alinishika kwa mikono miwili. Monicah alilazimika kuketi chini.

Nimejitolea kuandika kadi za harusi. Monicah, Werema na Bwana Monari walikataa kwa sauti moja. Ndiyo mara ya kwanza kundi letu kuelewana. Kazi ya Wastoiki hiyo.

Barua ilikuwa na sentensi mbili tu. Kwenye kamusi nilikuta maneno mawili, fupi na refu. Nikachagua refu, kwa heshima ya ofisi. Nainakili hapa, nife nimeisema:

"Bwana Ofisa, Werema hakukosha. Aliyekosha ni mimi."