Mkakati wa Kumtoa Jaji Kitini

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa sita katika makao haya ya wazee wenye maradhi ya akili. Daktari anasema nina sonona. Dada yangu anasema nina uvivu. Leo vyote viwili vimenitoka: nina mpango!

Ukumbini kuna viti kumi na tisa, na kimoja tu ndicho kina mikono. Ukikaa hapo unashika mikono, unajisukuma, umesimama. Vingine ni masofa ya kumeza watu. Kutoka, lazima uvutwe na wahudumu wawili, tena mbele ya kina mama. Aibu tupu.

Kiti hicho kakikalia Jaji. Alikuwa fundi viatu, ila hukumu anazotoa juu ya namna ninavyotafuna, mahakama ingeona wivu. Mwenye magoti mabovu ni mimi. Yeye mzima, isipokuwa anasikia watu chini ya sakafu. Anadai wanamchoma moto mguu wa kushoto. Wiki ya tatu sasa. Muuguzi anaandika kwamba sauti zimezidi, daktari anaongeza kidonge.

Jumanne, 4 Machi

Nilimwendea Jaji kwa upole mkubwa. Nikamnong'oneza kwamba watu wake wako chini ya kiti hicho tu, kwingine shwari. Akafikiri. Akanishukuru kwa heshima zote. Kisha akahamia ukuta wa pili, akichechemea, huku anakiburuta kiti!

Nikakemewa mimi, eti namchokoza mgonjwa. Kwani mimi ni nani humu, mgeni?

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa yake. Moto huacha alama. Alama isipoonekana, Jaji ni mwongo, na mwongo hana haki ya kiti.

Nikamtaka muuguzi amvue soksi. Akasema, "Mzee wangu, ni akili yake tu hiyo, tumeshaandika." Tena Jaji havui. Anavaa pea tatu, na miguu haoshi.

Nikagoma. Dada wa mazoezi hunihesabia kila asubuhi, kuinuka kwa kuvutwa na kukaa mara tano, na fomu yake inadai namba. Nikamwambia siinuki mpaka soksi zivuliwe. Akabembeleza, nikakaza. Mwishowe muuguzi akapiga magoti mbele ya Jaji, akamwomba avumilie kidogo ili mimi ninyamaze.

Pea ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa imegandia mguuni. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kipana kama kifuniko cha chupa, cheusi pembeni. Harufu ikatufikia sote.

"Si niliwaambia," Jaji akasema taratibu.

Wakampima sukari, na muuguzi akaondoka mbio kuita gari. Miaka sita sijamwona akikimbia.

Ijumaa, 7 Machi

Kiti ni changu! Nimesimama mwenyewe mara saba, bila sababu yoyote.

Daktari kaja kunipa mkono. Kasema siku mbili zaidi na mguu ungekatwa. Kaagiza kila mkazi akaguliwe miguu kila wiki, kwa hiyo ukumbi mzima umeninunia. Nikamweleza kweli tupu, kwamba nilikuwa nataka kiti. Akacheka, akasifu unyenyekevu wangu.

Sikufurahi kama nilivyotegemea. Wiki tatu mtu analalamikia mguu wake, nami namezea mate kiti chake. Naona vibaya. Nimeandika mara moja, sirudii.

Jumapili, 16 Machi

Jaji karudi kwa magongo, vidole vyote kumi vipo. Nikakamata mikono ya kiti, tayari kwa vita.

Akanisogelea, akanishika bega. "Kaa tu, ndugu yangu. Kiti chako hicho. Humu ndani ni wewe peke yako uliyenisadiki." Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Mimi si mtoto. Nani anatoa kiti kama hiki bure? Lazima kuna hila. Nikasimama haraka, nikamkalisha kwa nguvu, yeye akikataa, mimi nikisukuma. Alipotulia nikajitupa kwenye sofa, mshindi.

Wahudumu wawili wamenivuta kwenda kula. Jaji kanyanyuka mwenyewe, polepole, kama mfalme. Kesho lazima niutafute ujanja wa kumtoa pale.