Bitana ya Mshika Bendera

Jumanne, 6 Mei 1975

Ushindi! Jumapili bendera mpya ya chama chetu cha askari wastaafu wa milimani itabebwa na mimi. Mimi, Olindo! Si Fausto. Fausto aliposikia alimeza mate kama aliyekwamwa na mfupa, kisha akasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, kwamba mshika bendera sharti awe na kofia nzima.

Mshenzi yule kaona. Bitana ya kofia yangu imechanika, inaning'inia mpaka kwenye nyusi. Kununua mpya haiwezekani. Kwetu mtu huandamana na kofia ile ile ya felti aliyopewa jeshini, unyoya wake pembeni, na ikichakaa ndiyo heshima yenyewe. Na kanisani, bendera ikibarikiwa, wenzangu wote watavua kofia. Mshika bendera peke yake hubaki na yake kichwani. Macho yote kwangu!

Mke wangu Norina kasema niipeleke kwa Nives, fundi cherehani. Nives! Dada yake Fausto! Ni kumpa fisi bucha alinde. Nitashona mwenyewe. Jeshini nilishona vifungo.

Jumatano, 7 Mei

Nimeng'oa bitana ya zamani. Chini ya ukanda wa ngozi nimekuta magazeti niliyoyajaza miaka ile. Nikayatupa. Nikavaa kujaribu: kofia ikashuka mpaka puani. Kichwa kimepungua? Sielewi.

Kitambaa sina. Lakini Norina jana alirudi na kapu kutoka kanisani, ambako yeye na akina mama wenzake wanashona jambo lao la siri. Nikiingia wananyamaza. Leo kaenda mjini kutafuta matamvua ya dhahabu. Ya nini? Sielewi pia. Kabla ya kuondoka kaniambia nisiguse kapu. Mwanamke akikwambia usiguse, ujue ndani kuna kitu kizuri.

Hariri ya kijani! Inang'aa! Gauni jipya, bila shaka, na huku sisi tunakula ugali na jibini wiki nzima. Nimekata duara katikati, maana kingo zina pindo na sipendi kuharibu kazi ya mtu. Kumbe kitambaa kilikuwa kimekunjwa, nikapata maduara mawili kwa mkato mmoja. Mungu hamtupi mja wake. Nimekikunja upya, nimekirudisha. Hata malaika hajui.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeshonea chumbani, kofia juu ya kitanda, maana mezani ningeonekana. Subana sina, nimetumia kifuniko cha chupa. Damu kidogo. Mshono safi!

Ndipo mama mkwe wangu, Argia, akaingia bila hodi. Akaona kofia kitandani. Akapiga yowe la kuamsha bonde. Kila mtu anajua kofia kitandani ni kifo: zamani daktari na padri walipokuja kwa mtu wa kufa waliweka kofia zao hapo hapo, miguuni pake. Akaniamuru niiondoe upesi. Nikaiinua. Shuka likaja nayo! Nilikuwa nimeshona kofia, bitana na shuka, vyote pamoja. Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyozidi kulia kwamba imeng'ang'ania, haitaki kutoka, imemjia yeye. Nikavuta kwa nguvu zote. Duara la kwanza likachanika vipande viwili.

Mama mkwe akakaa kitini, akasema basi, yuko tayari. Gauni atakalozikwa nalo liko droo ya chini, lile la hariri la kijani alilovaa kwenye harusi yetu, na tusithubutu kumzika na gauni la jikoni. Nikamwambia mama, leo hufi. Akaniuliza, "Utajuaje wewe, mwanangu? Hata kushona hujui."

Ijumaa, 9 Mei

Padri Ruggero kaja na mafuta matakatifu, kaitwa na mama mkwe. Nyuma yake Fausto, kofia mkononi, uso wa msiba. Akaniuliza ni nani aliyefariki. Nikamwambia hakuna. Akanipa pole hata hivyo. Akaongeza kwamba mtu mwenye msiba hapaswi kubebeshwa bendera, na yeye kama ndugu yuko tayari kunitua mzigo. Ndugu! Nikamfungia mlango.

Marehemu mwenyewe alikuwa jikoni, anakula maini na vitunguu, sahani ya pili.

Jumamosi, 10 Mei

Duara la pili. Safari hii nimepindua sufuria ya ugali na kushonea juu yake. Shaba haishoneki! Bitana imelala vizuri, ukanda wa ngozi umerudi, magazeti mapya ndani. Imenikaa! Norina kasema nimependeza. Nikaona haya kidogo, nikikumbuka gauni lake. Baadaye kaketi na kitu chake kimekunjwa mapajani, anashonea matamvua ya dhahabu kwenye pindo. Gauni lenye matamvua? Mitindo ya siku hizi inanishinda.

Jumapili, 11 Mei

Sijui nianzie wapi.

Kanisa limefurika. Wote wamevua kofia, mimi peke yangu nimevaa. Fausto kainamisha kichwa. Raha iliyoje! Padri akanyunyiza maji, mwenyekiti wetu Tarcisio akavuta kamba, bendera ikakunjuka. Ya kijani. Ya hariri. Matamvua ya dhahabu. Na katikati matundu mawili ya duara, kama macho. Kupitia moja nilimwona Padri.

Nikafikiri haraka. Panya? Panya hakati duara. Fausto! Nikapaza sauti kwamba ni yeye, wivu umemla. Fausto akasema, "Apa, kama wewe ni mwanamume." Nikaapa! Nikavua kofia, nikaiinua juu, ndani yake ikiwaelekea watu, nikaapa kwa kofia ya jeshi kwamba mikono yangu ni safi.

Wote walikuwa wanatazama ndani ya kofia.

Norina ndiye aliyesema, taratibu, "Olindo. Hiyo bitana umeitoa wapi?"

Hapo nikaelewa nusu. Nusu ya pili nilielezwa nyumbani, na ilichukua muda.

Jumatatu, 12 Mei

Norina haongei nami. Jana usoni alikuwa na hasira, leo asubuhi nimemkuta analia. Waliishona majira yote ya baridi, kwa siri, ili kutushangaza sisi waume zao. Nimeumia. Nimeumia kweli.

Tarcisio kapita. Hariri niliyokata haifai tena: duara moja limechanika, jingine nimelitoboa kama chujio. Bendera ikiwa nzima Jumapili ijayo, nitaibeba mimi. Ikiwa si nzima, Fausto. Kasema niipeleke kwa Nives aitie viraka. Kwa Nives! Sijafikia hapo.

Viraka nitatia mwenyewe. Sufuria ninayo, uzoefu ninao. Kilichobaki ni hariri ya kijani, na hiyo nimeshaiona. Mama mkwe kalala usingizi wa mchana, na droo ya chini haina kufuli. Nitakata mgongoni tu. Siku atakayolivaa atakuwa amelala chali, nani atamgeuza?