Wajumbe wa Chemchemi

Redio ya Spika ilikuwa imetangaza kwamba nchi zote zinazotumia mto mmoja zimetia saini kulinda misitu na chemchemi za milimani, kule mto unakoanzia. Kwenye benchi la kahawa la Mzee Mvuke, habari hiyo ilichemka kuliko kahawa yenyewe.

Injini, fundi wa magari, alisema ni uonevu mtupu. Aliye juu maji ni yake, na wa chini asiyeridhika ahamie juu. Povu, anayeosha pikipiki, akamjibu kwamba kwa mwendo huo mawingu nayo yangekunywa mvua yote yasitudondoshee kitu. Spika, mtu asiye na kazi inayojulikana ila hajawahi kukosa maoni, akawataka wanyamaze awafafanulie. Hawakunyamaza.

Mvuke alikuwa akipuliza moto wa jiko. Chemchemi anakoteka maji ya kahawa iko nyuma ya gereji ya Injini, na siku hizi kata yake inagonga mawe. Tangu Injini aanze kurundika magari mabovu pale, matete yamebaki kichaka kimoja. Aliyaotesha marehemu mke wa Mvuke, dada yake Injini, ili udongo usiporomoke na maji yasikauke.

"Shemeji," alisema hatimaye, "nchi ya juu ni wewe."

Benchi zima likamgeukia Injini.

"Mimi tena?"

"Chemchemi iko kwako. Povu ni nchi ya katikati, anavuta maji kwa mpira kama tembo. Mimi ni nchi ya chini. Yakikauka, kahawa basi, na benchi basi."

Hilo la benchi liliwaingia. Spika akajiteua mwangalizi wa kimataifa, na kabla vikombe havijapoa mkataba ukapatikana: Injini aondoe magari, Povu aache mpira ashike ndoo, na kile kichaka cha matete nchi yoyote isikiguse. Povu akakumbusha kwamba mkataba wa maji haufungwi mbali na maji. Wakalibeba benchi hadi kwenye chemchemi.

Kumbe kule kuna ubaridi mtamu. Kesho yake wajumbe wakarudi, na keshokutwa pia. Magari yalikuwa palepale, mpira ulikuwa palepale, ila mikutano haikukosekana hata mara moja. Kwa kuwa wateja wamehamia huko, Mvuke naye akapeleka jiko.

Asubuhi moja alichelewa kwa kupitia kununua mkaa. Alipofika aliwakuta wajumbe wamekaa kwa raha zao, chemchemi iko wazi kama kichwa kilichonyolewa.

"Matete yako wapi?"

"Kamati imeyafyeka," Spika alisema. "Yalikuwa yanawazuia wajumbe kuona chanzo."

"Hayajapotea, mzee," Povu akasema, akijiinua kidogo kumwonyesha alichokalia. "Tumeyatandika."

Mvuke akamtazama Injini. "Shemeji, tulikubalianaje?"

Injini alikuna kisogo. "Tulisema nchi isiguse. Kamati si nchi."

Mvuke hakugomba. Alimwaga moto, akabeba jiko kwa mkono mmoja na birika kwa mkono wa pili. "Kahawa itarudi na matete," alisema, akaenda zake.

Walicheka, wakidhani anatania. Mchana Injini alikuwa anagombana na nati. Povu aliosha pikipiki moja mara mbili, mwenye nayo akimsubiri. Jioni Spika alizima redio kwa hiari yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Kulipokucha Mvuke alipita nyuma ya gereji. Magari mabovu yalikuwa yamesukumwa hadi ng'ambo ya uzio, na mpira wa Povu umekunjwa juu ya ukuta. Nchi mbili na mwangalizi wao walikuwa wamepiga magoti kwenye tope, wakipanda vipande vya matete walivyochimba bondeni. Injini alichimbia spana. Mstari mzima aliokwisha kuupanda ulikuwa na mizizi juu, majani chini ya udongo.

Mvuke alisimama akiutazama, mdomo ukimcheza.

"Shemeji," Injini aliuliza bila kuinua uso, "dada angesemaje?"

"Angesema mgeuze."

Akapiga magoti kando yake, wakageuza mstari wote. Kisha akaenda kuwasha jiko.